Jinsi ya kuzipa programu majina yanayoeleweka kwenye menyu ya Linux

Fungua menyu ya kompyuta ya Linux yenye KDE (mojawapo ya mazingira, yaani sura, menyu na madirisha unayoyaona kwenye skrini), kisha isome kwa macho ya mtu anayeigusa kompyuta hiyo kwa mara ya kwanza: Ark, Dolphin, Elisa, Gwenview, Kate, Konsole, Okular, Spectacle. Mwanafunzi anayetaka kusoma PDF aliyotumiwa na mwalimu hana namna ya kujua kwamba anaitafuta Okular. Atabofya Dolphin, atarudi, atabofya Kate, kisha atanyoosha mkono kuuliza. Programu zenyewe ni nzuri na hazina gharama. Kinachomkwamisha ni jina.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayesimamia kompyuta za Linux zinazotumiwa na watu wengine: maabara ya shule, kituo cha jamii, ofisi ndogo, duka la steshenari. Sehemu moja karibu na mwisho ni ya wanaoandika programu wenyewe. Huhitaji kujua kuandika msimbo. Ukiweza kufungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na kuhariri faili ya maandishi, unatosha.

Hatua ya 1: Jua jina linatoka wapi

Kila programu unayoiona kwenye menyu ina faili yake ndogo ya maandishi inayoishia na .desktop. Zilizowekwa na mfumo hukaa kwenye /usr/share/applications. Muundo wake umewekwa na mradi wa freedesktop.org, na ndiyo maana faili moja inasomeka kwenye mazingira ya GNOME, KDE, Xfce, MATE na Cinnamon bila kubadilishwa. Ndani yake kuna mistari minne inayotuhusu:

Name ni jina linaloonekana kwenye menyu. GenericName ni aina ya programu, kwa mfano "Web Browser" kwa Firefox. Comment ni maelezo mafupi, ambayo kwenye Xfce hutokea ukisimamisha mausi juu ya jina, na kwenye Cinnamon hujitokeza chini ya menyu. Keywords ni maneno ambayo hayaonekani popote, lakini mtu akiyaandika kwenye kisanduku cha kutafuta, programu hutokea.

Tofauti kati ya mazingira haya ni kile wanachochagua kukuonyesha. Menyu ya KDE inaweza kuweka GenericName karibu na jina, kwa hiyo hapo jina tupu kama Okular linaweza kutosha. GNOME haionyeshi GenericName kabisa kwenye gridi ya programu. Mtumiaji wake anaona Name na aikoni, basi. Kwa hiyo ukitaka menyu yako ieleweke popote, Name peke yake lazima ijitosheleze. Ukikumbuka hilo tu, maamuzi mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

Hatua ya 2: Andika kazi kabla ya kuandika majina

Usianze na orodha ya programu. Anza na orodha ya kazi ambazo watu huja kufanya. Kaa karibu na kompyuta siku moja na uandike maombi kama yanavyosemwa: "nataka ku-print," "nataka kutuma CV," "nataka kupunguza picha ya paspoti," "Mwalimu, Word iko wapi?" Usiyasafishe maneno hayo. Yaandike kama yalivyotamkwa, kwa sababu utayahitaji tena kwenye hatua ya 6.

Ukimaliza, oanisha kila kazi na programu moja. Utagundua mambo mawili. Kuna programu ambazo hakuna kazi yoyote inayozihitaji, na hizo tutazificha. Pia kuna kazi ambazo zina programu tatu zinazogombania, kama kufungua picha. Hapo uamue ipi ndiyo ya kwenu, kwa sababu hakuna jina zuri litakalomsaidia mtu aliyewekewa milango mitatu ya chumba kimoja.

Hatua ya 3: Chagua mtindo wa jina

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo hata miradi mikubwa haijakubaliana.

Mtindo wa kwanza ni wa jina la biashara peke yake: Okular, Inkscape, Audacity. Ukishalijua, unalipata haraka, na ukiuliza msaada mtandaoni jina hilo linakupeleka moja kwa moja penye jibu. Lakini kwa asiyelijua ni ukuta.

Mtindo wa pili ni wa kazi peke yake. Mwaka 2012 GNOME waliuchukua kwa nguvu: kwenye toleo la 3.4 kivinjari cha Epiphany kikaanza kuonekana kwa jina la Web, na kwenye 3.6 Nautilus ikawa Files. Menyu ikasomeka vizuri kweli. Gharama yake ilionekana kwingine. Mtu aliyepata hitilafu kwenye Web akitafuta msaada kwa neno hilo, anapata intaneti nzima. Akitaka kuisakinisha kwa amri ya apt, jina la kwenye menyu halimsaidii kitu. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kifurushi cha kusakinisha ni epiphany-browser, maana kile kinachoitwa epiphany ni mchezo. Shida nyingine huja pale programu mbili zinapofanya kazi ileile. GNOME 42 ya mwaka 2022 ilileta programu mpya ya maandishi inayoitwa Text Editor, na waliokuwa bado na gedit, iliyokuwa ikionyeshwa kwa jina hilohilo, wakawa na Text Editor mbili kwenye menyu moja.

Mtindo wa tatu ni kuunganisha vyote viwili, na Xfce wameutumia kwa miaka: Thunar File Manager, Ristretto Image Viewer, Parole Media Player, Catfish File Search. Mgeni anaelewa, mwenyeji analipata, na jina halisi linabaki kwa ajili ya kuomba msaada. Kwa maoni yangu huu ndio mtindo sahihi kwa maabara na ofisi, ila kwa mpangilio uliogeuzwa: kazi kwanza, jina la programu baadaye.

Sababu ya kugeuza ni nafasi. Chini ya aikoni za gridi kuna nafasi ya maneno mawili hivi, na kinachozidi hukatwa na kuwekewa nukta tatu. GIMP, programu ya kuhariri picha, ni mfano wa wazi. Kwenye faili yake ya toleo la 2.10, Name ni "GNU Image Manipulation Program", herufi 30 pamoja na nafasi. Kwenye skrini ndogo mtu anaona "GNU Image Ma…" na hajui kama hii ni ya kutazama picha, kuzichora au kuzifuta. Hata anayeijua GIMP kwa jina halioni jina hilo. Ukiandika "Hariri Picha - GIMP" una herufi 19, na hata mwisho ukikatwa, kilichobaki ndicho kinachohitajika. Miongozo ya usanifu ya GNOME hushauri jina lisizidi takriban herufi 15. Kwa Kiswahili lengo hilo ni gumu kidogo lakini linafaa kufukuziwa.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Tukitafsiri kwa mazoea tunapata Kihariri cha Picha, Kivinjari cha Wavuti, Kitazama Nyaraka, Kicheza Muziki, Kikokotoo. Kila kitu kinaanza na Ki. Menyu ikipangwa kwa alfabeti, nusu ya orodha inarundikana mahali pamoja, na jicho linalopita juu ya safu ya Ki, Ki, Ki halina pa kushika. Watumiaji wa KDE wanalijua tatizo hilihili, kwa sababu programu nyingi za kwao huanza na K: KMail, KWrite, Konsole, K3b. Isitoshe, "cha" na "ya" za katikati zinakula herufi ambazo huna.

Dawa yangu ni hii. Anza na kile mtu anachokishika: Picha, Muziki, Jedwali, Slaidi. Pale ambapo programu mbili zinashughulika na kitu kimoja, tanguliza kitendo: Tazama Picha, Hariri Picha. Kwa maabara ya kawaida orodha inaweza kusomeka hivi (Writer, Calc na Impress ni za LibreOffice):

Andika - Writer
Jedwali - Calc
Slaidi - Impress
Hariri Picha - GIMP
Tazama Picha
Soma PDF
Faili Zangu
Kikokotoo

Angalia kwamba Kikokotoo nimekiacha. Ni neno moja, watu wanalijua, na sasa limebaki peke yake kwenye Ki. Angalia pia kwamba Tazama Picha haina jina la programu nyuma yake. Ni chombo kidogo ambacho hakuna anayekiombea msaada kwa jina, kwa hiyo sioni haja ya kulirefusha.

Majina ambayo watu tayari wanayajua usiyaguse. Firefox, Chrome, Zoom, VLC yaache. Inavutia kuiita Firefox "Intaneti", lakini mtu ambaye Wi-Fi imemkatikia naye ataenda kubofya Intaneti akitegemea kuunganishwa, na atakutana na ukurasa wa hitilafu. Neno intaneti liweke kwenye Keywords za Firefox, na sehemu ya kuunganisha mtandao iite Wi-Fi.

Usiandike "Word" kwenye Name ya LibreOffice Writer, hata kama kila mtu analiita hivyo. Word ni jina la bidhaa ya mtu mwingine, na pia unamwahidi mtumiaji kitu ambacho dirisha likifunguka hatakikuta. Atadhani amekosea, atafunga na kurudi mwanzo.

Kuhusu msamiati: kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili si ya jana. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo kuna istilahi nyingi za kuchagua. Chagua zile ambazo watu wenu wanazitamka, kisha usizichanganye. Ikiwa mafunzo yenu yanasema folda, menyu isiseme kabrasha.

Hatua ya 4: Nakili faili, usihariri ya asili

Kosa la kawaida ni kufungua faili iliyoko /usr/share/applications na kuibadilisha palepale. Itafanya kazi mpaka siku ya masasisho, kisha kifurushi kipya kitaandika juu yake na menyu itarudi ilivyokuwa.

Kanuni ya mfumo ni kwamba faili yenye jina lilelile ikipatikana kwenye folda mbili, ile ya folda inayotangulia ndiyo inayosomwa. Kwa mtumiaji mmoja, folda inayotangulia zote ni ~/.local/share/applications. Kwa watumiaji wote wa kompyuta, tumia /usr/local/share/applications, ambayo kwa kawaida hutangulia /usr/share na haiguswi na masasisho.

Kwanza itafute faili unayoitaka:

grep -l "GNU Image" /usr/share/applications/*.desktop

Kisha tengeneza nakala ambayo haina majina ya lugha nyingine (sababu nitaieleza kwenye hatua inayofuata):

grep -v '^\(Name\|GenericName\|Comment\|Keywords\)\[' /usr/share/applications/gimp.desktop > ~/gimp.desktop

Fungua ~/gimp.desktop kwa programu yoyote ya maandishi na urekebishe mistari husika, iwe hivi:

Name=Hariri Picha - GIMP
GenericName=Programu ya kuhariri picha
Comment=Kata, punguza ukubwa na rekebisha rangi za picha
Keywords=picha;edit;hariri;kuhariri;photoshop;paspoti;passport;

Mistari ya Exec, TryExec, Icon, MimeType na StartupWMClass iache kama ulivyoikuta. Mstari wa mwisho huo, pale ulipo, ndio unaoiwezesha kompyuta kulihusisha dirisha lililofunguka na aikoni yake. Ukimaliza, iweke mahali pake:

sudo mkdir -p /usr/local/share/applications
sudo install -m 644 ~/gimp.desktop /usr/local/share/applications/

Jina la faili lisibadilike hata herufi moja. Ukiiita hariri-picha.desktop, mfumo utaihesabu kuwa programu nyingine, na menyu itaonyesha zote mbili.

GNOME na Xfce huona mabadiliko bila kusubiri sana. Kwenye KDE huenda ukahitaji amri ya kbuildsycoca6, au kbuildsycoca5 kwa Plasma 5, au utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Flatpak na Snap ni njia nyingine za kusakinisha programu. Zilizosakinishwa kwa Flatpak faili zake ziko /var/lib/flatpak/exports/share/applications, na jina la faili ni refu, mfano org.gimp.GIMP.desktop. Za Snap ziko /var/lib/snapd/desktop/applications. Kwenye Ubuntu tangu 22.04 Firefox huja hivyo, kwa jina firefox_firefox.desktop. Folda ya Flatpak mara nyingi hutangulia /usr/local/share, kwa hiyo nakala yako inaweza kupuuzwa. Amri ya echo $XDG_DATA_DIRS itakuonyesha mpangilio wenyewe, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Folda ya nyumbani ya mtumiaji ndiyo isiyoshindwa na yoyote.

Asiyependa terminali anaweza kutumia MenuLibre, au Kihariri Menyu cha KDE kinachoitwa kmenuedit. Zote huandika kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji aliyezifungua, kwa hiyo zinafaa kwa kompyuta moja yenye akaunti moja. Kwa maabara ya mashine ishirini, njia ya faili ni nyepesi zaidi: unaandaa mara moja na kunakili kila mahali.

Hatua ya 5: Mabano ya lugha

Kuna watu hubadilisha Name kwa usahihi kabisa, wanahifadhi, na menyu haibadiliki. Wanajaribu tena, wanawasha upya kompyuta, na bado. Karibu kila mara mchawi ni mstari kama huu ulio chini zaidi kwenye faili:

Name[en_GB]=GNU Image Manipulation Program

Mfumo ukiwa umewekwa Kiingereza cha Uingereza, mstari wenye mabano ya en_GB ndio unaosomwa, na Name isiyo na mabano haiangaliwi. Andika echo $LANG ujue kompyuta yako inatumia lugha gani. Ukijibiwa en_US.UTF-8 na faili haina mabano ya en_US wala en, basi Name tupu ndiyo inayoonekana.

Hapo una njia mbili, na inategemea unamhudumia nani. Kompyuta zenu zikiwa zimewekwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi, na unataka menyu tu iwe ya Kiswahili, weka Kiswahili kwenye Name tupu na ufute mabano mengine, kama nilivyofanya kwa amri ya juu. Ikiwa kila mtumiaji anajichagulia lugha, acha Name kwa Kiingereza na uongeze mstari wa Name[sw]. Mabano ya sw yanatosha kwa sw_TZ na sw_KE pia, kwa sababu mfumo ukikosa lugha pamoja na nchi, huangukia kwenye lugha pekee. Ukitaka Kenya waone neno tofauti, ongeza Name[sw_KE] na litatangulia.

Hatua ya 6: Maneno ya kutafutia

Kama ningeruhusiwa kubadilisha mstari mmoja tu kwenye faili hizi, ningebadilisha Keywords. Watu wengi siku hizi hawasogezi menyu. Wanabonyeza kitufe cha Super (chenye alama ya Windows) na kuandika. Wanachoandika ni neno lililoko kichwani mwao, na mara nyingi neno hilo si lako wala si la mtengenezaji.

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2. Kila neno ulilosikia liingie kwenye Keywords ya programu inayolijibu. Writer ipate word, barua, cv, ripoti, chapa, andika. Calc ipate excel, hesabu, jedwali, lahajedwali, alama, matokeo, mshahara. Firefox ipate intaneti, mtandao, google, chrome, facebook. Hapa ndipo mahali halali pa kuweka Word na Excel: humdanganyi mtu kwa macho, unamsikiliza tu anapoita.

Kila neno limalizwe na nukta-mkato, la mwisho likiwemo.

Sasa umbo la maneno yetu. Utafutaji wa GNOME hutegemea zaidi kulinganisha mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza hilo halisumbui: aliyeandika "edit" ataipata "editor". Kwa Kiswahili viambishi hukaa mbele. Mtu akiandika "hariri", neno "Kihariri" halianzi hivyo, wala "kuhariri", wala "mhariri". Akiandika "chora" anaweza kukosa "mchoro" na "kuchora". Kwa hiyo kwa kila kitendo weka angalau shina na umbo la ku: hariri;kuhariri;. Kwa nomino weka umoja na wingi vinapotofautiana mwanzoni: jedwali;majedwali;, waraka;nyaraka;. Inaonekana kama kujirudia, lakini hakuna anayeuona mstari huu isipokuwa mashine.

Usijaze maneno ambayo programu haiyatimizi. Neno "picha" likiwa kwenye programu tisa, kutafuta "picha" kunarudisha menyu nzima.

Hatua ya 7: Ficha kisichohitajika

Programu ambazo hazikupata kazi kwenye hatua ya 2, nakili faili zake vilevile na uongeze mstari wa NoDisplay=true. Itatoweka kwenye menyu lakini itaendelea kufungua faili za aina yake. Usitumie Hidden=true kwa kazi hii, kwani maana yake ni kwamba programu ihesabiwe kama imefutwa.

Kwenye Xfce, KDE, MATE na Cinnamon, Categories ndiyo inayoamua programu ikae chini ya kichwa gani. Ziko aina kuu chache zilizokubaliwa, kama Office, Graphics, Network, Education, Game, Settings na Utility. Ipe programu moja tu kati ya hizo. Ukiipa mbili, inaweza kuonekana mara mbili, na mgeni atadhani ni vitu viwili.

Watumiaji wa Xfce wana njia ya mkato: mipangilio ya Whisker Menu ina chaguo la kuonyesha majina ya aina badala ya majina ya programu. Ni nzuri kama una programu moja kwa kila kazi. Ukiwa na vivinjari vitatu, utapata "Web Browser" tatu.

Hatua ya 8: Kagua faili, kisha tazama watu

Kwanza mashine:

desktop-file-validate /usr/local/share/applications/gimp.desktop

Amri hii iko kwenye kifurushi cha desktop-file-utils. Ikinyamaza, faili ni salama. Itakwambia kama umesahau nukta-mkato, kama umeweka aina kuu mbili, na hata kama Comment yako inarudia tu yale yaliyokwisha semwa na Name. Onyo hilo la mwisho lichukulie kwa uzito, kwa sababu Comment inayosema "Hariri picha" chini ya jina "Hariri Picha" haimwongezei mtu chochote.

Kisha watu. Chukua watu watano ambao hawakushiriki kuchagua majina. Kila mmoja mpe kazi kwa maneno, mmoja mmoja, na wewe kaa nyuma ukiwa kimya. Angalia sana unavyoiandika kazi. Ukisema "andika barua" na menyu inasema Andika, unapima kama anajua kusoma. Sema: "Mkuu wa shule anataka taarifa ya kikao ya ukurasa mmoja, iwe imechapwa." Badala ya "punguza picha", sema: "Fomu ya maombi ya kazi mtandaoni imeikataa picha yako kwa sababu ni nzito."

Rekodi mambo mawili tu: alibofya nini kwanza, au aliandika neno gani kwanza kwenye kutafuta. Usimsahihishe. Neno alilolitafuta na kulikosa, liingize kwenye Keywords jioni hiyohiyo. Watatu kati ya watano wakibofya kitu kimoja kisicho sahihi, tatizo liko kwenye majina mawili: lile walilolikosa na lile lililowavuta. Mara nyingi ni lile lililowavuta ndilo linalopaswa kubadilishwa, kwa sababu linaahidi zaidi ya linavyotoa.

Kwa anayeandika programu yake

Name tupu iwe kwa lugha ya msingi ya mradi wako, na Kiswahili kiingie kwa Name[sw], GenericName[sw], Comment[sw] na Keywords[sw]. Usiyaandike kwa mkono ndani ya faili ukiwa na lugha nyingi. Tangu toleo la 0.19 la gettext (zana ya kutafsiri programu), amri ya msgfmt yenye chaguo la --desktop huyachukua kutoka kwenye faili za po (faili za tafsiri) na kuyaunganisha yenyewe. Mfasiri wako mwachie maoni juu ya Keywords kwamba haitakiwi tafsiri ya neno kwa neno, ila maneno ambayo watu wa kwao wangeyaandika, yawe kumi au matatu.

Jina lililo kwenye menyu, kichwa cha dirisha, ukurasa wa Kuhusu na faili ya AppStream inayoonekana kwenye duka la programu, vyote viseme kitu kimoja. Usitangulize g wala k kwa sababu tu umetumia GTK au Qt. Mtumiaji hajali umejenga kwa nini. Kama programu yako ina Actions, yaani vitendo vinavyotokea kwa kubofya kulia aikoni, kila kimoja nacho kina Name yake inayohitaji tafsiri, na ndizo zinazosahaulika sana.

Baada ya kila sasisho kubwa

Faili uliyoinakili haisasishwi. Siku mtengenezaji akibadilisha amri ya kuifungua programu, nakala yako itaendelea kuita ile ya zamani. GIMP 2.10 ilikuwa na gimp-2.10 kwenye Exec na TryExec. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na amri hiyo haipo tena ndani yake. Nakala yenye TryExec inayotaja amri isiyokuwepo hutoweka kwenye menyu kimyakimya, na utapigiwa simu kwamba "GIMP imefutika". Kwa hiyo baada ya kupandisha toleo la mfumo, linganisha:

diff /usr/share/applications/gimp.desktop /usr/local/share/applications/gimp.desktop

Tofauti zikiwa kwenye Name, GenericName, Comment na Keywords peke yake, hakuna la kufanya. Mstari wa Exec, TryExec, Icon au MimeType ukitokea kwenye orodha, nakili thamani mpya kutoka kwenye faili ya kifurushi, uipitishe tena kwenye desktop-file-validate, kisha uisambaze kwenye mashine zote.